Unataka Altezza mbovu ukaifufue mwenyewe? Soma kwanza kabla hujatoa hela

Kuna ugonjwa unatupata sana sisi watu wa mjini, unapita sehemu unaona Toyota Altezza imepaki uani kwa mtu, tairi zimelala, vumbi limejaa mpaka watoto wameandika majina yao kwenye kioo, basi moyo unaanza kukwambia hii mbona naifufua. Mi ugonjwa huo umenipata mara mbili. Ya kwanza ilikula hela zangu zote nikaishia kuiuza vipande vipande, ya pili ndo natembelea mpaka leo, na tofauti ya zile gari mbili haikuwa injini kabisa, ilikuwa bodi na kadi ya usajili. Ile ya kwanza injini ilikuwa inawaka vizuri tu, inanguruma raha, kumbe chini imeoza na kadi ina mambo yake. Hapa Dar injini utapata, giaboksi utapata, ila bodi iliyonyooka na kadi isiyo na kesi huwezi kwenda kuulizia kwenye maduka ya spea pale Gerezani.

Kwa nini Altezza na sio kitu kingine? Ilitoka Japani 1998, ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka kule kwao, ikatengenezwa mpaka 2005, wazungu wanaijua kama Lexus IS200. Inasukuma kwa tairi za nyuma, ipo ya manyueli gia 6, na ina milango minne kwa hiyo mama mkwe naye anapanda bila maneno. Nyingi ziliingia nchini kitambo, ndo hizi unaziona namba A, namba B, yaani usajili wa zamani, zimeshachoka na bei imeshuka. Kuagiza nyingine toka Japani saivi sikushauri, kwa umri wake kodi ya uchakavu tu itakukata maini, na wenzetu Kenya ndo kabisa, gari ikizidi miaka 8 hairuhusiwi kuingia. Kwa hiyo tunagombania hizi hizi zilizopo.

Sasa lazima ujue unanunua ipi maana kuna Altezza mbili na madalali wanazichanganya makusudi. AS200 (chesisi inaanza na GXE10) ina injini ya 1G, silinda 6, imetulia, haina mbio za kutisha ila ndo injini ile ile iliyomo kwenye Mark II GX110, maana yake spea zipo na kila fundi ameshaishika. RS200 (chesisi SXE10) ina 3S-GE ya Beams, silinda 4, ya manyueli inatoa farasi 210, na hii ndo gari ya spoti yenyewe. Kama ni mradi wako wa kwanza chukua 1G. Najua hutanisikiliza, hata mi sikusikiliza.

Ukiamua RS200 kuna mtego mmoja ambao umeshaua injini nyingi. Fundi atafungua boneti, ataona 3S, atakwambia "aah hii 3S naijua, kama ya RAV4 tu, mkanda wa taiming ukikatika unafunga mwingine safari inaendelea". Kwa RAV4 yupo sahihi, ile ni 3S-FE, mkanda ukikatika pistoni na valvu hazikutani. Ya Altezza ni mnyama mwingine, imebanwa sana kule ndani, mkanda ukikatika pistoni zinapiga valvu na hapo ushaua hedi. Kwa hiyo muuzaji akisema mkanda ulibadilishwa muulize lini na kilomita ngapi, akianza kujikuna kichwa we hesabu kwamba haujabadilishwa, weka bei ya mkanda, tensheni na pampu ya maji kwenye hesabu zako kabla hujataja bei. Na ukiwasha ikiwa ya baridi sikiliza mbele kule kwenye mkanda, ukisikia mlio kama wa kokoto kwenye kopo kwa sekunde moja mbili alafu unapotea, huenda ni puli ya VVT-i (ile inayorekebisha taiming ya valvu) imechoka, sio kitu cha bei ya karanga.

Haya, kabla hata hujaenda kuangalia gari omba picha ya kadi. Akikataa au akisema kadi ipo kwa shemeji yupo Tunduma, achana nae. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, kama sio, mwenye jina aje mwenyewe siku ya kuandikishana. Chesisi namba ya kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma cha gari, tarakimu moja moja, usisome kwa haraka. Injini namba pia, maana gari hizi zinabadilishwa sana injini, kadi inasema 1G ukifungua boneti unakutana na 1JZ, sio dhambi ila lazima mabadiliko yawe yamefika TRA (mamlaka ya mapato), vinginevyo mzigo huo unakuwa wako. Cheki na deni la faini za trafiki kwa kutumia namba ya gari, inaangaliwa mtandaoni bure, na deni la parking za TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) hivyo hivyo. Gari yangu ya kwanza jina la kwenye kadi lilikuwa la mtu aliyeuza kwa mtu, naye akauza kwa mtu, mi nikawa wa nne, na yule wa kwanza namba yake ya simu haikuwepo tena hewani. Miezi mitano nazunguka na karatasi. Sitaki kuikumbuka.

Siku ya kwenda kuangalia nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike. Ukifika kitu cha kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameshaipasha, kuna kitu anaficha, kwaheri au bei ishuke.

Kabla ya kuwasha fungua mfuniko wa redieta. Ukikuta maji yana rangi ya udongo basi ilikuwa inanyweshwa maji ya bomba miaka yote, kutu imeshatambaa ndani. Fungua na mfuniko wa oili uchungulie kwa chini yake, ukiona kitu kama chai ya maziwa imeganda, huenda maji na oili vinakutana, hedi gasketi imeungua au kuna mpasuko. Alafu washa. Moshi wa bluu inakula oili, mweupe mzito ambao hauishi hata injini ikishapata moto inakunywa maji, mweusi inakunywa petroli kupita kiasi.

Iache ingurume dakika ishirini huku mnapiga stori, macho yako yasitoke kwenye geji ya joto. Hapa ndo pana ufundi wetu wa uswahilini. Gari ikichemsha mafundi wetu wengi dawa yao ni mbili, wanang'oa thermostati (kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate joto) wanaitupa, alafu wanaunganisha feni dairekti izunguke muda wote. Geji ikibaki chini kabisa isifike katikati usifurahi eti haichemshi, hapo thermostati haipo, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga petroli. Muulize ilichemsha lini na iliungua nini.

Na ile taa ya injini kwenye dashibodi: weka swichi on bila kuwasha, taa lazima iwake, ukiwasha injini ndo izime. Isipowaka kabisa pale mwanzo ujue mtu ameshaichomoa au ameziba na kipande cha selotepu nyeusi, nimeiona kwa macho yangu. Taa ya eabegi hivyo hivyo.

Bodi sasa, na hapa usione aibu kulala chini kwenye mchanga. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu, ivishe kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe pembeni ya tairi za nyuma, chini ya milango, na kuzunguka taa. Sehemu ya bati ambayo sumaku haing'ang'anii ni puti tupu, na chini ya puti kuna kutu au kuna ajali. Ile ya kwangu ya kwanza fundi bodi aliparua kwa bisibisi pale juu ya tairi ya nyuma kulia, bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini, ndani wamejaza magazeti alafu puti juu. Magazeti jamani! Gari zilizokaa Tanga, Zanzibar au hapa kwetu karibu na bahari angalia mara mbili, chumvi haina huruma. Nyanyua kapeti la buti, toa tairi la spea, angalia bati la chini, lisiwe na mikunjo kama shuka isiyopigwa pasi na lisiwe na maji yametuama. Milango ifungwe yote uangalie nafasi kati ya mlango na mlango, upande mmoja ukibana na mwingine ukiachia hiyo imeshagongwa.

Altezza nyingi zimeshushwa. Kama zimewekwa springi fupi za kununua sawa, ila nyingi springi zimekatwa na grinda, chungulia utaona ncha yake imekatika vibaya. Springi za grinda unazitoa zote, hamna cha kujadili. Boljointi za chini za mbele ni ugonjwa wa gari hii, piga jeki, shika tairi juu na chini uisukume na kuivuta, ikicheza inabadilishwa kabla gari haijatembea hata mtaa mmoja, kwa sababu ikichomoka tairi inalala na stelingi inakuwa pambo. Tairi zenyewe soma zile tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu, 2316 ni wiki ya 23 ya 2016, za hivyo hata kama kashata zipo bado ni mpira mfu.

Kama gari inatembea endesha. Manyueli, ingiza gia ya pili na ya tatu haraka haraka, ikikwaruza ringi za sinkro ndani ya giaboksi zimechoka. Pita kwenye matuta redio imezimwa. Kama haitembei basi nunua kwa bei ya gari isiyo na injini hata kama anakuapia kwamba "ni plagi tu". Ingekuwa plagi tu angeshabadilisha yeye akauza bei nzuri, au sio?

Hela: ukiwa na milioni nane tafuta gari ya milioni nne. Nusu inayobaki ni ya spea na utashangaa inavyoyeyuka. Andikishaneni kwa wakili, hela ipite benki au kwenye simu ibaki na ushahidi, na anza kuhamisha umiliki wiki hiyo hiyo wakati muuzaji bado anapokea simu zako. Kuileta nyumbani ita bredauni, usijaribu kuiendesha gari iliyolala mwaka mzima eti ni karibu, petroli ya zamani imeshaoza na breki hujazijua.

Ukishaiweka uani anza na panya. Ndiyo, panya, gari iliyolala wanajenga humo na kutafuna waya, ya kwangu ya pili ilikuwa haiwaki kwa sababu ya waya mmoja wa sensa ya kranki ulioliwa, muuzaji alishakata tamaa akidhani injini imekufa, nikanunua kwa bei ya msiba. Baada ya hapo breki, boljointi, mkanda wa taiming, mfumo wote wa maji na thermostati irudishwe, kisha oili zote pamoja na ya giaboksi na difu. Ukienda kununua spea nenda na ile ya zamani mkononi na chesisi namba kwenye simu, usiseme tu "nipe ya Altezza". Na gari isilale gereji kama hujamzoea fundi. Mi niliiacha siku mbili nikakuta koili zangu nne safi zimegeuka kuwa koili nne za rangi tofauti, na hakuna aliyejua kitu.

Rangi, rimu, muziki na ile silensa ya makelele viwe vya mwisho kabisa. Rangi hasa, maana ukipiga mapema fundi wa injini atakuja kuegemea fenda na mkanda wake wa suruali wenye chuma.