Kuiandaa arobaini kabla mtoto hajazaliwa

Familia nyingi hulifunga begi la hospitali kwa makini, zikakagua pamba, beseni na khanga mara mbili, lakini siku arobaini zinazofuata huachwa zijiendee zenyewe. Matokeo yake, siku ya tano mzazi anainama kwenye karai la nepi huku mshono ukimuuma. Arobaini iandaliwe mimba ikiwa na miezi saba, mama angali ana nguvu za kutembea na kupanga mambo na wenzake.

Kwanza, kubalianeni nani atakuja kumlea mzazi, kwa muda gani na kwa kazi zipi. Wanapofika mama mzazi na mama mkwe kwa wakati mmoja, nyumba hujaa wageni wa kupikiwa. Ni afadhali mmoja aje siku ishirini za mwanzo na mwingine ampokee. Mume naye apewe kazi zake waziwazi, kama vile kuhakikisha maji na mkaa havikatiki, kufua, na kuwaeleza wageni kwa upole kwamba mzazi amelala. Walioajiriwa Tanzania Bara wakumbuke kwamba sheria inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kwamba mwajiri anapaswa kuarifiwa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio.

Chakula kihifadhiwe mapema: unga wa ulezi, maharage, dagaa, pilipili manga, na fedha ya nyama na ndizi za mtori. Anayenyonyesha hushikwa na kiu na njaa saa nane usiku, wakati hakuna anayetaka kuwasha jiko. Kwa hiyo kila jioni wekeni chupa ya chai iliyojaa uji, pamoja na kikombe na maji ya kunywa, juu ya stuli, upande ule ambao mkono wa mzazi unafika bila kumwamsha mtoto. Uji huo ni wa mama; mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila hata tone la maji.

Khanga za mtoto ziwe zilizokwisha kufuliwa mara nyingi, kwa kuwa khanga mpya ni ngumu na hainyonyi maji. Zifueni, zianikeni juani, zipigeni pasi na kuzifunga pamoja.

Kuhusu kumkanda mzazi kwa maji ya moto, nasema kwa heshima zote kwa bibi zetu: maji yanayofuka mvuke huunguza ngozi, na mama aliyefanyiwa upasuaji hapaswi kukandwa tumboni. Maji ya uvuguvugu ya kuoga yanatosha. Kitovu nacho kiachwe kikavu, bila majivu, samli wala mate.

Desturi ya kutotoka ndani isimzuie mzazi kwenda kliniki. Mama na mtoto wanatakiwa kuonwa ndani ya saa 48, tena ndani ya wiki ya kwanza, kabla ya siku ya 28, na karibu na siku ya 42, ambapo mtoto hupata chanjo za wiki ya sita. Huzuni na machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi. Yakizidi wiki mbili, mwelezeni muuguzi bila aibu.

Yapo mambo yasiyosubiri asubuhi: damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au degedege. Kwa mtoto ni kukataa kunyonya, kupumua haraka, mwili kuwa wa moto au baridi kupita kiasi, na manjano kwenye viganja na nyayo. Yaandikeni kwenye karatasi, muibandike ukutani karibu na kitanda, na chini yake muandike namba ya dereva wa bajaji aliyekwisha kukubali kuamshwa usiku.