Shukrani inayofundisha: kwa wazazi wa watoto wenye himofilia

Mimi ni mama wa kijana mwenye himofilia, yaani damu yake haigandi inavyopaswa; tunaishi Kondele, Kisumu. Goti likivimba usiku, damu inavujia ndani ya kiungo bila tone kuonekana nje, na jirani atakuambia umkande kwa maji moto. Usimkande. Funga barafu kwenye leso, uweke gotini, inua mguu, ita tuktuk. Kisha mpigie mzazi mwenzako wa kikundini, mwenye mtoto kama wako.

Kama hamna kikundi, anzeni na familia mnazokutana nazo kwenye benchi la kliniki. Hamtakuwa wengi, himofilia A, iliyo ya kawaida zaidi, humpata mvulana mmoja hivi kati ya 5,000 wanaozaliwa. Kwa hiyo wa Siaya, Busia na Bungoma wote ni wenu. Andikeni daftarini aina ya kila mtoto, maana anayekosa fakta ya 8 (fakta ni protini za kugandisha damu) hatibiwi kwa fakta ya 9. Mchango wa kwanza uwe wa nauli.

Sasa shukrani. “Mungu awabariki” ni neno zuri, lakini taja ulichofanyiwa: “Dada, ulikaa nami kwenye simu mpaka wodini, ukanikumbusha nimwambie daktari mtoto asidungwe sindano ya msuli, wala asipewe aspirini.” Mama mgeni akisikia hivyo kwenye mkutano, amejua la kufanya siku yake ikifika. Mimi nilijifunza mengi kwa kusikiliza wenzangu wakishukuriana.

Fakta zikikosekana, mtoto huwekewa plazima, yaani majimaji ya damu, nayo imetoka mshipani mwa mtu tusiyemjua. Huyo tutamshukuruje? Shemeji akiuliza “tuwasaidieje?”, mpeleke akatoe damu, mradi ana afya njema, miaka 16 hadi 65, na kilo 50 au zaidi.

Jambo linalonikosesha usingizi ni tohara. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka wa shufwa ikikaribia, mama hawezi kusimama peke yake mbele ya wazee. Nendeni naye watu wawili watatu, baba mmoja awemo, mkazungumze na babu na mjomba kabla kijana hajashika njuga. Msiwaambie waache mila. Waombeni kijana atahiriwe hospitalini, daktari wa damu akijua na fakta ikiwa tayari kabla ya kisu. Mzee akikubali, mshukuruni mbele ya ukoo wake, mkieleza alichokubali na kwa nini. Boma la pili litamsikiliza yeye kuliko sisi.

Na mwenzenu akifiwa na mtoto, msimwondoe kikundini kimyakimya mkidhani mnamwonea huruma. Nendeni matangani, na baada ya mazishi mmoja wenu amuulize mwenyewe kama angependa kuendelea kupata habari zenu. Akitaka kubaki, aendelee na kazi aliyokuwa nayo; kama alikuwa mweka hazina, mpelekeeni daftari.