Dereva wa basi, umeachishwa kazi kwa kosa la nidhamu: jinsi ya kukata rufaa, hatua kwa hatua

Ijumaa moja jioni kijana anayeendesha basi la Dar–Mbeya alinipigia simu akiwa stendi ya Mbezi. Alikuwa amepewa barua saa kumi na moja ile ile: kesho yake saa tatu asubuhi kikao cha nidhamu, kosa ni kuzidisha mwendo, kilomita 97 kwa saa kati ya Mafinga na Makambako, na basi la abiria mwisho ni 80. Jumatatu akawa hana kazi. Mimi niliendesha mabasi ya mikoani miaka mingi, na sasa ni mwakilishi wa wafanyakazi tawini kwetu. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na mengine niliyajifunza kwa kuumia kwenye kesi za nyuma.

Kabla hujaendelea: huu mwongozo ni wa walioajiriwa na kampuni au tajiri binafsi Tanzania Bara. Aliye kwenye utumishi wa umma ana njia yake, inapita Tume ya Utumishi wa Umma. Na kama hujatimiza miezi sita kazini, madai ya kuachishwa isivyo halali hayakuhusu. Deiwaka, yaani unayelipwa kwa siku bila mkataba, wewe tafuta kwanza ushahidi kwamba ni mwajiriwa: makato ya NSSF, malipo yaliyoingia kwenye simu, ratiba za safari zenye jina lako.

Hatua ya 1: Saini kupokea, usisaini kukubali

Barua yoyote ukipewa, pembeni ya sahihi andika "nimepokea tu", tarehe na saa. Hiyo saa ndiyo iliyotubeba baadaye.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Hapa ndipo watu wanapozama, kwa hiyo nivumilie.

Kuna mida miwili inayokimbia kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wa rufaa ya ndani, ile unayoikata kwa mwajiri mwenyewe. Mwongozo wa nidhamu ulioambatishwa kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) unakupa siku 5 za kazi tangu uamuzi utolewe. Kampuni nyingine zina kanuni zao zenye siku tofauti, kwa hiyo omba nakala ya kanuni siku hiyo hiyo. Wakikuzungusha, shika 5.

Muda wa pili ni wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ndani ya siku 30. Hizi si siku za kazi. Jumamosi na Jumapili zimo. Migogoro mingine, mfano umepewa onyo kali la mwisho au umeshushwa cheo lakini bado uko kazini, ina siku 60.

Sasa mtego. Kanuni za Tume (Tangazo Na. 64 la 2007) zinasema siku 30 zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kuthibitisha kwamba umeachishwa. Ukisoma hivyo unajisemea: basi nasubiri jibu la rufaa, siku zitaanza upya. Ni kweli, kama jibu litakuja. Lisipokuja je? Mzee mwenzangu mmoja alikata rufaa vizuri kabisa, akaambiwa kwa mdomo "mkurugenzi amesafiri, subiri". Akasubiri miezi miwili. Hakuna barua, hakuna simu. Tulipofika Tume, mwajiri akasema hajawahi kupokea rufaa yoyote, na tarehe pekee iliyokuwa kwenye karatasi ikawa ile ya barua ya kwanza. Tukajaza CMA F2, fomu ya kuomba kuongezewa muda, na kiapo chake. Kwenye kiapo unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi na kwa nini. "Niliambiwa nisubiri" bila karatasi haikutosha. Nilikaa na yule mzee usiku mzima tukitafuta meseji moja tu ya ofisini. Hatukuipata, na ombi likakataliwa.

Tangu hapo nina msimamo mmoja na sibishani na mtu: hesabu siku 30 kutoka kwenye barua ya kwanza, jifanye hakuna rufaa ya ndani. Ikifika siku ya 25 hujajibiwa, jaza CMA F1, fomu ya kupeleka mgogoro Tume, uende. Jibu likija baadaye, halikudhuru kitu. Kuna wanasheria watakwambia umewahi mno. Afadhali nibishanie kuwahi.

Na usihesabu kichwani. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia duara.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Andika barua fupi kuomba hati ya mashtaka, ripoti ya uchunguzi, muhtasari wa kikao na uamuzi wenye sababu. Wakikunyima, nakala ya ombi lako lenye mhuri wao wa kupokea ni ushahidi tayari.

Kwa kesi za mwendo, omba taarifa kamili ya kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, ile inayoonekana pia LATRA. Usikubali picha iliyokatwa ya skrini iliyotumwa WhatsApp. Unataka safari nzima: saa, mahali, na kitufe cha dereva kilichosomwa, kile anachokiweka kwenye kifaa kujitambulisha akishika usukani. Basi la Mbeya lina madereva wawili. Kijana wetu alikabidhi usukani Iringa, mwenzake akaondoa gari bila kuweka kitufe chake, kwa hiyo jina lililosoma Makambako lilikuwa la aliyekuwa amelala kiti cha nyuma ya kondakta. Tulijuaje? Kwenye kundi la WhatsApp la madereva alikuwa ameandika "nimekabidhi Iringa, gari zima". Saa ya meseji ipo. Hiyo moja ilishinda maelezo yote ya mdomo.

Mwenzako usimlazimishe kuja kutoa ushahidi. Naye ana watoto. Mwombe maelezo mafupi ya maandishi. Akikataa, songa mbele na ulicho nacho.

Hatua ya 4: Andika rufaa

Tafadhali usiende kwa vijana wa steshenari wakakuchapia barua ya "naomba unisamehe kwa niaba ya familia yangu". Ile si rufaa, ni kukiri kosa kwa lugha ya adabu, na utaikuta mezani Tume ikisomwa dhidi yako. Kama kweli ulikosa, sema ulikosa, kisha dai kwamba adhabu imezidi kosa: miaka uliyofanya kazi, rekodi safi, wengine waliofanya vile vile wakapewa onyo. Usichanganye mambo mawili, "sikufanya" na "nisamehe", kwenye ukurasa mmoja.

Rufaa ina miguu miwili: sababu na utaratibu. Kwenye sababu uliza: kanuni ipo, niliijua, niliivunja mimi, na inatumika kwa wote? Kwenye utaratibu, linganisha kikao chako na Tangazo Na. 42. Muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48. Una haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na tukio. Upewe nafasi ya kujibu ushahidi, na ya kueleza ya kupunguza adhabu kabla hawajaamua.

Sisi tuliandika hivi, bila madoido:

"Nilipokea wito Ijumaa saa 11 jioni, kikao kikakaa Jumamosi saa 3 asubuhi, saa 16 tu. Mwenyekiti wa kikao ndiye aliyesaini barua ya kunituhumu. Wakati wa tukio sikuwa nikiendesha. Nilikabidhi gari Iringa. Naambatisha ujumbe wa kundi na naomba taarifa kamili ya kifaa. Naomba uamuzi ufutwe na nirudishwe kazini."

Ukurasa mmoja unatosha. Hasira zako mwachie mkeo nyumbani.

Hatua ya 5: Ifikishe

Nakala mbili, moja igongwe mhuri. Mapokezi wakikataa, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Hatua ya 6: Tume

CMA F1 inajazwa na wewe au mwakilishi wako, inasainiwa, nakala anapewa mwajiri, kisha unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Kuna sehemu ya ziada ya migogoro ya kuachishwa kazi tu. Watu wengi wanairuka. Ijaze, na ulalamikie sababu pamoja na utaratibu. Kumbuka pia kwamba mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki.

Kwanza ni usuluhishi, wa siku 30. Siku ya wito fika mapema hata kama mvua inanyesha Jangwani na njia imefungwa. Mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kutupwa. Mkishindwana, mnakwenda kwenye uamuzi, na hapo ndipo mimi ninaposema tafuta wakili au ofisa wa chama aliyebobea.

Kijana wetu hakujibiwa rufaa yake. Siku ya 26 tukawa Tume. Yaliyosemwa mle kwenye usuluhishi ni siri, siyaandiki. Sasa hivi anaendesha njia ya Arusha, na kila akikabidhi usukani ananitumia picha ya kitufe cha mwenzake, hata saa nane za usiku.