Kabla Hujamwita Seremala: Kupanga Mkahawa Unaofanya Kazi

Kabla hujamlipa seremala hata shilingi moja, nunua chaki. Fagia chumba ulichokodi, kisha chora sakafuni kila kitu kwa vipimo vyake halisi: kaunta, friji, sinki, meza, na mlango unakofungukia. Mtu mmoja asimame kama mteja, mwingine kama barista, yaani mwandaaji wa kahawa, nawe tazama miguu yao. Nimeona mikahawa Kampala na Jinja iliyopendeza kwenye karatasi, lakini ikifika saa mbili asubuhi wahudumu wanagongana viwiko na foleni imeziba mlango.

Anza na kaunta, maana hapo ndipo siku nzima hupita. Fuata kikombe kimoja tu. Kahawa inasagwa, inashindiliwa, inaingia kwenye mashine na kutiririka kwa sekunde 25 hadi 30. Wakati huohuo maziwa yanatoka kwenye friji, yanapigwa mvuke na kumiminwa, kikombe kinamfikia mteja, jagi linasuuzwa. Kazi hizo zifuatane kwa mstari: mashine ya kusagia, mashine ya espreso, friji ya maziwa chini yake, sinki dogo, halafu pa kukabidhia kikombe. Katika mkahawa wa kwanza niliosaidia kupanga, sinki liliwekwa ukuta wa pili kwa kuwa bomba lilikuwa huko tayari. Hatua sita kwenda, sita kurudi, kwa kila jagi la maziwa. Dada aliyekuwa barista alifika jioni miguu imemvimba. Baada ya miezi mitatu tulivunja vigae tukahamisha bomba, na hadi leo naumia nikikumbuka alivyochoka bure. Nyuma ya kaunta acha sentimita 90 kwa mtu mmoja. Kama watapishana wawili, acha mita 1.2.

Na chai usiisahau. Kahawa ya robusta huota yenyewe katika misitu ya Uganda, na arabika ya Mlima Elgon inasafirishwa mbali, lakini wengi wetu tumelelewa kwa chai ya maziwa. Mteja ataiagiza, pamoja na chapati. Jiko la chai lisipopangiwa mahali tangu mwanzo, litasukumwa kwenye kona na kumkatia barista njia. Mtungi wa gesi ukae nje, penye hewa.

Umeme una hesabu yake. Mashine ya espreso yenye vichwa viwili vya kutolea kahawa huweza kula zaidi ya kilowati 3, na soketi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi mzigo huo, kwa hiyo iwe na waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Umeme ukikatika, utahitaji jenereta. Iwekwe mbali na veranda, moshi usiwafuate wateja. Hata hivyo, tenga kwenye kaunta nafasi ya birika la gesi na chujio la mkono, ili kahawa iendelee kutoka hata giza likiingia. Maji nayo yawe na tangi, na chujio la maji likae mahali fundi anapoweza kulifikia bila kubomoa kabati.

Nenda kwenye chumba hicho saa kumi jioni. Upande wa magharibi huchomwa na jua mwaka mzima hapa kwetu karibu na ikweta, na meza nzuri ya dirishani itakimbiwa kama hakuna kivuli. Nenda tena mvua ikinyesha, kati ya Machi na Mei au Septemba na Novemba. Chini ya mabati bila dari, watu wawili hawasikilizani hata wakiinamiana. Angalia pia tope jekundu litakavyoingia: mkeka mpana mlangoni, na sakafu isiyoteleza.

Waendesha boda wanaochukua oda wapewe benchi la kivulini na dirisha lao la kupokelea. Kuwaacha wasimame katikati ya foleni ni kuwakosea heshima wao na wateja pia.

Mgeni akiingia, macho yake yakutane kwanza na uso wa mtu, siyo mgongo wa mashine. Ubao wa bei usomeke kutoka kwenye foleni. Baganda tangu zamani humkaribisha mgeni kwa mbegu za kahawa zilizokaushwa, atafune. Kikapu kidogo cha mbegu hizo kwenye kaunta hakihitaji nafasi kubwa. Beseni la kunawa liwe nje ya choo, mahali linapoonekana, kwa sababu chapati huliwa kwa mkono.

Meza za watu wawili, za sentimita 60 kwa 70, huunganishwa familia ikija. Wanaokuja na kompyuta wapangiwe ukutani kwenye soketi, mbali na mashine ya kusagia. Acha njia ya sentimita 90 kutoka mlangoni hadi kaunta na hadi chooni, na penye ngazi jenga mteremko: kila sentimita 1 ya kupanda ipewe 12 za urefu. Mwenye kiti cha magurudumu asibebwe kama mzigo ili anywe kahawa.

Rangi na picha za ukutani zinaweza kusubiri. Fundi bomba na fundi umeme waje siku moja, wasimame juu ya chaki ileile, waoneshane bomba na waya vitapita wapi. Piga picha kutoka juu ya ngazi kabla chaki haijafutika, andika vipimo, ndipo umpigie seremala.