SOMO: Mnahamia wapi kusoma masta? Anzeni na yule asiyesoma

Msimu wa udahili ukifika, maswali yanayoletwa hapa jukwaani huwa na sura moja: "Nimepata UDOM na SUA, niende wapi?" Yaani Chuo Kikuu cha Dodoma au kile cha Sokoine, Morogoro. Muulizaji ana mwenza, ana mtoto wa mgongoni na mwingine wa chekechea, lakini hao hawatajwi mpaka umdodose. Wachangiaji nao wanaanza: huyu anasifia chuo alichosoma, yule anakiponda. Muulizaji anaondoka na jina la chuo, huku swali la familia likiwa palepale.

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya familia changa za Dodoma na mikoa ya jirani, hasa watumishi wa umma, maana ndio wengi humu. Mtu asiye na familia achague chuo kwanza, mengine atayamalizia hukohuko. Ninyi wenye watoto geuzeni: anzeni na yule ambaye hasomi. Yeye ndiye atakayelea, atakayepika na mara nyingi ndiye atakayebeba nyumba kwa mshahara wake.

Hatua ya kwanza: barua ya ruhusa

Mtumishi wa umma usihangaike na vyumba vya kupanga kabla hujapata ruhusa ya masomo. Uwe umethibitishwa kazini, jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na barua iwe mkononi. Ukiondoka bila barua wewe ni mtoro kazini, hata kama unasoma kwa ada yako mwenyewe.

Ukishaipata, isome yote. Inataja chuo na kozi? Basi ukibadili chuo, unaanza kuomba upya. Inasema masomo yanaisha lini? Ada inalipwa na nani? Walioajiriwa na watu binafsi nao wadai maandishi. Ile ya "wewe nenda, tutaongea ukirudi" si ruhusa.

Halafu shika salary slip, tena ile ya karibuni. Hesabu kinachoingia benki, si kile kilichoandikwa kwenye barua ya ajira. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyesomeshwa nayo; kwenye 1,000,000 hiyo ni 150,000 kabla benki haijagusa chochote. Wengi wetu tumekopa mpaka kwenye ile theluthi moja inayolindwa na sheria. Kwa mtu wa namna hiyo, kuhama mji na kulipa kodi mpya ni mzigo wa pili juu ya mzigo.

Hatua ya pili: asiyesoma atafanya nini?

Hapa msipapitie haraka. Tuchukue mfano. Mume ni mwalimu wa sekondari Bahi, mke ni muuguzi Chamwino, wana watoto wawili, wa miaka minne na wa mwaka mmoja. Mke amepata nafasi ya uzamili Morogoro. Wazo la kwanza la kila mtu ni kwamba mume aombe uhamisho, wahamie wote.

Uhamisho wa kumfuata mwenza upo, na siku hizi maombi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi. Lakini hoja hiyo ina uzito pale mwenza anapokuwa na kituo cha kazi huko. Darasa la miezi kumi na minane ni hoja nyepesi mezani kwa ofisa utumishi. Na hata mkibahatika, angalieni mbele: mke akimaliza anarudi kwa mwajiri wake Chamwino, wakati mume sasa ni mwalimu wa Morogoro. Mmeondoa utengano wa mwaka na nusu, mmejinunulia mwingine usio na tarehe ya kuisha. Wapo waliofanikiwa kwa kubadilishana vituo, lakini mimi nisingeijenga ndoa juu ya kumpata mwalimu wa Morogoro anayeitamani Bahi.

Kama asiyesoma ana biashara, hesabu ni nyingine. Cherehani inapakizwa kwenye basi; wateja hawapakiziki. Fundi wa nguo mwenye fremu karibu na soko la Sabasaba akihamia Iringa anaanza moja. Mpeni miezi sita ya kutoingiza kitu, muone kama bado mnaweza kula. Na kama ni mtu wa vibarua au amemaliza chuo anasubiri ajira, basi huyo ndiye rahisi kuhama naye, ila msimfanye yaya wa bure mpaka ukasahau kwamba naye ana vyeti.

Hatua ya tatu: ikateni kozi vipande

Watu wanaongelea masta kana kwamba ni kitu kimoja kirefu. Masta nyingi za hapa nchini zina kipande cha darasani, kisha kipande cha utafiti na tasnifu. Cha kwanza kinakutaka uwepo chuoni. Cha pili kinaweza kufanyika Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, kama mada yako iko huko. Kwa hiyo uamuzi wa kuhama familia mara nyingi unahusu mihula ya darasani tu, na hiyo wakati mwingine haitoshi hata kumaliza kodi ya mwaka.

Piga simu idarani, uulize: mihula ya darasani ni mingapi? Vipindi ni asubuhi, jioni au mwisho wa wiki? Tafuta pia wanafunzi wa mwaka wa pili, uwaulize jambo ambalo halimo kwenye tovuti: ukimpelekea msimamizi sura moja ya tasnifu, anairudisha baada ya wiki mbili au baada ya miezi mitatu? Kila mwezi tasnifu inapolala kwenye meza ya mtu, wewe unalipia kodi, nauli na dada wa kazi. Mimi chuo chenye jina na msimamizi asiyepatikana nakiweka chini ya chuo cha kawaida chenye msimamizi anayejibu.

Kwa wa Dodoma, reli ya SGR imebadilisha mambo tangu 2024. Dodoma hadi Morogoro ni karibu saa mbili, hivyo muuguzi wetu anaweza kuondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa, watoto wakabaki na baba. Ila msihesabu saa za treni peke yake. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, SUA iko upande mwingine chini ya Milima ya Uluguru, na kampasi kuu ya Chuo Kikuu Mzumbe iko nje ya mji kwenye barabara ya Iringa. Ongezeni bajaji na daladala kwenye saa na kwenye hela.

Chuo Kikuu Huria nacho msikipuuze. Kimeanzishwa kwa ajili ya watu wenye maisha kama haya, na kina kituo Dodoma. Kinataka mtu anayejisukuma mwenyewe; kama wewe bila mwalimu mbele yako hufungui daftari, kiache.

Hatua ya nne: watoto

Vyuo vinafungua Oktoba au Novemba, shule za msingi zinaanza Januari. Ukihama na mtoto Oktoba unamkata katikati ya muhula wa mwisho. Mtoto wa darasa la nne ana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Huyo aachwe amalize. Wa chekechea hana shida, atalia siku mbili tatu basi. Wa chini ya miaka mitatu swali lake ni moja: nani anashinda naye? Dada wa kazi akikataa kuhama, mpango wote unaanza upya, kwa hiyo muulizeni mapema, naye ana kwao.

Bima ya afya ya NHIF ya mtumishi inafuata familia mkoa wowote. Ukivuka mpaka, haikufuati.

Hatua ya tano: nje ya nchi

Hapa ufupi unatosha, maana anayeamua ni ubalozi. Uingereza, tangu Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya darasani haruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Wanaoruhusiwa ni wa uzamivu (PhD) na shahada za utafiti, pamoja na wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Marekani, mwenza wa mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, hafanyi kazi kabisa. Wa J-1, ile ya programu za kubadilishana, anaweza kuomba kibali. Ujerumani vyuo vingi vya umma havina ada, lakini asiye na ufadhili anatakiwa kuonyesha akaunti iliyofungwa (hela inatoka kidogo kidogo kila mwezi) yenye euro 11,904 kwa mwaka, na hizo ni za mwanafunzi peke yake. Kabla ya yote, hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inakitambua chuo hicho.

Hatua ya sita: nendeni mkalale huko

Msipange nyumba kwa picha za dalali. Mnaohamia Dodoma kwa ajili ya UDOM, mtatajiwa Ng'ong'ona, Makulu, Iyumbu, Kisasa. Fika saa tisa mchana, fungua bomba. Maji ya Dodoma ni ya mgao mitaa mingi, kwa hiyo tazama simtank: ni lita ngapi, wapangaji wangapi wanalitegemea, na linajazwa na bomba au na boza la kununua? Muulize mama wa genge la mboga hapo nje, yeye hana kamisheni. Kisha ulizia LUKU. Mita moja kwa wapangaji wanne, mmoja wao akiwa na friza la kuuzia barafu, ni ugomvi wa kila wiki. Kodi mtaambiwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Ombeni mitatu, mwenye nyumba aliyekaa na chumba kitupu tangu wanafunzi wafunge chuo husikiliza.

Ulizeni pia kutoka hapo hadi ndaki yako, yaani sehemu ya chuo unakosomea, ni umbali gani. UDOM imetawanyika kwenye vilima vya Chimwaga, na "karibu na chuo" inaweza kuwa karibu na geti ambalo si lako. Mwenye mtoto wa kifua afike Julai au Agosti, auone upepo na vumbi, ndipo aamue.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Abi, Manyoni: *Shikamoo. Nimepata SUA, ruhusa ninayo, ila nina ujauzito na natarajia Januari. Likizo ya uzazi si itanisaidia?*

Marahaba mwanangu, hongera. Likizo ya uzazi ya siku 84 inakupa nafasi kwa mwajiri, si kwa chuo. Januari ni katikati ya muhula wa kwanza, mitihani iko mlangoni. Andika barua ya kuahirisha hadi mwaka unaofuata, uipeleke kabla hujasajiliwa, na nakala mpe mwajiri ili tarehe za ruhusa zirekebishwe. Usianze kwa matumaini ya kuona itakavyokuwa.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo: *Anayesoma ni mke wangu. Nikimfuata Arusha, ndugu watasema nimeolewa. Wewe unaonaje?*

Ndugu yangu, zabibu nani atazipogoa? Kwako sababu ya kubaki ni shamba. Ndugu hawalipi kodi ya nyumba, waache waongee.

Ticha, Kondoa: *Nina nafasi mbili za uzamivu: UDOM kwa kujilipia, na Ujerumani kwa ufadhili wa DAAD, shirika lao la kufadhili masomo. Mke ana saluni, watoto watatu.*

Mwalimu, uzamivu si masta. Ni miaka mitatu au minne, huwezi kuivuka kwa treni za Ijumaa. Uliza kwa maandishi kama programu yako ina posho ya familia, maana zipo zenye nayo. Mkeo naye kwa kawaida atatakiwa kuonyesha Kijerumani cha hatua ya kwanza, A1, labda aangukie kwenye walioruhusiwa kusamehewa. Aanze kujifunza sasa hata kama hamjaamua. Posho ikiwepo na mke akiridhia kufunga saluni, nendeni wote, watoto watasoma shule za serikali bila ada. Posho isipokuwepo, ningeomba mpango wa kukusanya data hapa nyumbani, uende Ujerumani kwa vipindi. Mada yako inahusu Kondoa au inahusu maabara ya huko? Hilo ndilo litakalosema kama inawezekana.

Mgeni wa Mtumba: *Nimehamishiwa na wizara kutoka Dar, familia bado iko Dar. Nataka masta ya jioni hapa Dodoma. Niilete familia kwanza au nianze kusoma?*

Lete familia kwanza. Ukianza kusoma jioni kabla hawajafika, wikiendi zako zitagawanywa kati ya Dar na kazi za darasani, na Dar ndiyo itakayoshindwa. Tafuta nyumba upande wa mashariki, Iyumbu au Njedengwa, ili ofisi ya Mtumba, UDOM na shule ya watoto visikuvute pande tatu tofauti. Watoto wahame Januari, wewe uanze Oktoba inayofuata.

Binti wa Mpwapwa: *Sisi wote wawili tumepata nafasi, mwaka mmoja, Dar. Mama amekubali kukaa na watoto kijijini. Kuna ubaya?*

Ubaya hakuna, dada, wengi tumelelewa na bibi. Ila kaeni na mama kwanza, mumsikilize amekubali kwa kupenda au kwa kushindwa kuwakatalia. Mtumieni hela ya matumizi tarehe moja kila mwezi, asisubiri kuomba. Muachieni kadi za kliniki, namba za bima na jina la mwalimu wa darasa. Shuleni mkaandikishe kwamba yeye ndiye mlezi, mtoto akiugua wasianze kuwatafuta ninyi Dar. Na kama mmoja wenu anaweza kusubiri mwaka, mimi ningewashauri mpishane.