Kujenga Nyumba ya Paneli za Povu Isiyokula Umeme: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba na Fundi

Ukuta wa matofali ya saruji wenye unene wa sentimita 20 ni imara, lakini hupitisha joto kwa urahisi mno: jua la alasiri huupasha, nao huendelea kulitoa joto lile ndani ya chumba hadi saa nne za usiku, wakati watoto wanatafuta usingizi. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, kila mita moja ya mraba ya ukuta huo hupitisha takribani wati 3 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la nje na la ndani. Ukuta wa paneli yenye povu la milimita 80 hupitisha takribani nusu wati. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mwenye kiyoyozi Mombasa au Dar es Salaam anunue umeme kidogo zaidi kila mwezi, na ndiyo inayomwezesha mkazi wa Limuru au Njombe kulala bila kuwasha jiko chumbani.

Jina la paneli hubeba vitu viwili tofauti, na ni vyema kuvitenganisha kabla ya kununua. Aina ya kwanza asili yake ni Marekani. Mwaka 1935 maabara ya serikali ya mazao ya misitu, iliyoko Madison katika jimbo la Wisconsin, ilianza kujaribu kuta za mbao nyembamba zinazobeba mzigo wa nyumba, na mwaka 1952 msanifu majengo Alden B. Dow akaanza kujenga nyumba za kuta za mbao zenye povu katikati huko Midland, Michigan. Aina ya pili ndiyo inayopatikana zaidi kwetu: bamba la povu gumu jeupe, lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, likiwa limefungwa kwa wavu wa waya wa chuma uliopakwa zinki pande zote mbili, kisha likapigwa plasta nzito likiwa limekwisha kusimamishwa. Shirika la Nyumba la Taifa la Kenya lina kiwanda cha paneli za aina hii Mavoko, katika Kaunti ya Machakos. Mimi nashauri aina ya pili kwa mazingira yetu. Mbao za vipande vilivyogandamizwa, zinazotumika katika aina ya kwanza, zinahitaji ulinzi wa daima dhidi ya mchwa na unyevu, na mwambao wetu una vyote viwili kwa wingi. Maelezo yafuatayo ni ya paneli ya wavu.

Kwanza ramani, kisha paneli

Paneli haiwezi kuokoa nyumba iliyoelekezwa vibaya. Karibu na ikweta jua hupita juu ya utosi, kwa hiyo paa hupokea joto kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba, na baada ya paa ni kuta za mashariki na magharibi, ambazo jua la asubuhi na la jioni huzipiga likiwa chini kiasi kwamba ukingo wa paa hauwezi kuzikinga. Mwombe msanifu ailaze nyumba ili upande wake mrefu utazame kaskazini na kusini, aweke madirisha makubwa pande hizo, na apeleke stoo, choo na ngazi upande wa magharibi. Ikiwa fedha hazitoshi kwa kila kitu, zianzie paani. Nimewaona watu wakinunua paneli nene kwa ajili ya kuta, kisha wakaezeka mabati matupu bila dari, na mchana nyumba ikawa haikaliki.

Mhandisi ndiye anayeamua unene wa povu, ukubwa wa nondo na idadi ya ghorofa, na michoro yake lazima ipate kibali cha kaunti au halmashauri kama ya nyumba nyingine yoyote. Unapoomba bei, mwambie mkadiriaji majenzi ajumuishe usafiri, nyavu za kona na za madirisha, pamoja na kukodi kompresa na mashine ya kupulizia plasta. Muuzaji akikutajia bei ya paneli peke yake, hujapata bado bei ya ukuta. Hakikisha pia kwamba povu ni la aina iliyotiwa dawa ya kuzuia moto kusambaa, na udai maandishi ya kiwanda yanayothibitisha jambo hilo.

Msingi na kusimamisha

Msingi hauna siri kubwa: jamvi la zege lililo sawa kabisa, lenye karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu na udongo uliopigwa dawa ya mchwa. Mchwa hawali povu, lakini hulitoboa na kupita humo kwenda kutafuta mbao za paa, na safari yao hiyo huwezi kuiona kutoka nje. Pale kuta zitakapokaa, nondo fupi za milimita 8 huchomoza kutoka kwenye zege, mara nyingi kwa nafasi ya nusu mita, zikipishana upande mmoja na mwingine wa paneli, na kila nondo hufungwa kwenye wavu kwa waya wa kufungia. Piga uzi kabla ya kuziweka. Nondo iliyokaa nje ya mstari kwa sentimita 3 hulazimisha fundi kukata povu, na mahali hapo plasta haitakuwa na unene uliokusudiwa.

Anza kusimamisha kwenye kona, kisha endelea pande zote mbili. Paneli ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3 hubebwa na watu wawili bila taabu, na wepesi huo ndio hatari yake, kwa sababu upepo wa mchana unaweza kuuangusha ukuta mzima ambao haujapigwa plasta. Egemeza kila ukuta kwa mbao upande mmoja tu, pima kwa timazi, kisha funga kingo za wavu zinazolaliana kati ya paneli na paneli. Kila kona huongezewa wavu uliokunjwa, ndani na nje.

Milango na madirisha hukatwa baada ya ukuta kusimama. Hapa naomba fundi asiharakishe. Nguvu za ukuta hukusanyika kwenye pembe za tundu la dirisha, na zisipopewa kipande cha wavu kilicholazwa kimshazari, nyuzi 45, kila pembe, ufa utatokea hapo na utapanda hadi darini. Katika nyumba moja niliyoitwa kukagua, madirisha yote yalikuwa na nyufa za namna hiyo, na vipande vya wavu vilivyokosekana thamani yake ilikuwa ndogo kuliko rangi iliyonunuliwa kuzificha.

Mabomba ya maji na ya nyaya hupitishwa kwa kuyeyusha mfereji ndani ya povu kwa mashine ya hewa ya moto, nyuma ya wavu. Usitumie petroli wala tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) mahali popote karibu na povu, kwa kuwa huliyeyusha papo hapo. Nyaya za umeme zipite ndani ya bomba, kwani ganda la plastiki la waya likigusana na povu kwa miaka hukakamaa na kupasuka. Mahali patakapotundikwa makabati ya jikoni au sinki, toa povu na ujaze zege sasa hivi.

Plasta

Katika nyumba hii plasta si urembo, kwa sababu pamoja na wavu ndiyo inayobeba paa. Changanya sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 3 hadi 4 za mchanga safi uliochekechwa, na maji machache kadiri mashine itakavyokubali. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi havifai hata kidogo, maana chumvi hula waya polepole ndani ya ukuta, na wakazi wa Lamu, Tanga na Pemba wanalijua jambo hili kwa kuona nondo zilizofura.

Tabaka la kwanza hupulizwa hadi wavu ufunikwe. Anza upande usio na mbao za kuegemeza, subiri plasta ishike, ondoa mbao, kisha piga upande wa pili. Tabaka la mwisho huufikisha unene kwenye takribani milimita 35 kila upande. Ganda jembamba kama hilo hukauka upesi kwenye jua, kwa hiyo limwagiliwe maji kwa siku 7 bila kuruka, na magunia yaliyoloweshwa yatundikwe upande unaopigwa na jua. Kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zisipandishwe juu ya ukuta kabla ya muda aliouweka mhandisi. Povu lolote lisibaki wazi ndani ya nyumba, hata juu ya dari, kwa sababu moto ukilifikia hulainika na kutoa moshi mbaya.

Paa na hewa

Mabati ya rangi nyeupe au ya kung'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua. Chini yake weka karatasi ya kung'aa yenye rangi ya fedha, ya kurudisha joto, ukiiachia nafasi ya hewa ya angalau milimita 25, la sivyo haitafanya kazi, kisha povu lililofunikwa au sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto) juu ya dari, na matundu ya kutolea hewa ya moto chini ya kofia ya paa.

Mwenye kiyoyozi azibe kila mwanya kuzunguka madirisha na mabomba katika chumba chenye kiyoyozi hicho. Asiye nacho, hasa wa pwani, afanye kinyume: madirisha yatazamane ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite moja kwa moja, kwa kuwa mwili wenye jasho hupozwa na upepo zaidi kuliko na ukuta. Kwa vyovyote vile, jiko la makaa lisiingizwe katika nyumba iliyozibwa, hata usiku wa baridi kali, kwa maana sumu ya moshi wake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Jambo la mwisho hufanywa kabla ya plasta, na wengi hulisahau: pitia kila ukuta ukiupiga picha huku futi ya kupimia ikiwa imewekwa wazi kando ya mabomba, nyaya na sehemu zilizojazwa zege, kisha uzihifadhi picha hizo pamoja na michoro, ili fundi atakayetoboa ukuta miaka 10 ijayo ajue anatoboa nini.