Somo: Mwanafunzi anayeanza Python aandikie wapi?

Wazazi na walimu wengi hapa Tanga huniuliza mtoto aanze na lugha gani ya kompyuta. Hilo halinisumbui: Python inamtosha. Linalonisumbua ni jambo ambalo hakuna anayeliuliza, yaani hiyo Python ataiandikia kwenye programu gani. Wapo vijana wenye akili nzuri kabisa wanaoacha kabla hawajaandika hata mistari kumi, kwa sababu mtu amewawekea programu ya mafundi waliokwisha kubobea. Dirisha linajaa vitufe hamsini, kompyuta inakoroma, na mtoto anaamini kichwa chake ndicho kibovu. Si kweli, na inaniuma kila ninapoliona.

Somo hili ni la mwalimu mwenye maabara ndogo, mzazi mwenye laptopu moja ya mtumba, na mwanafunzi anayejifundisha mwenyewe.

Hatua ya 1: Ijue kompyuta uliyonayo

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha Enter. Litafunguka dirisha lenye aina ya Windows na ukubwa wa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ukiona 4096MB, hiyo ni GB 4. Yaandike yote mawili kwenye karatasi, kwani ndiyo yatakayokuamulia. Kompyuta nyingi zinazouzwa mtumba mjini zina GB 4, nyingine bado zina Windows 7. Python 3.8 ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7, kuanzia 3.9 utagonga mwamba. PyCharm, mojawapo ya programu za kuandikia Python, ni nzuri sana, lakini watengenezaji wake wanapendekeza RAM ya GB 8 kwenda juu. Kwenye GB 4 mwanafunzi atakaa akitazama skrini tu.

Hatua ya 2: Ipime programu kwa mambo matatu

Iwe inafunguka haraka kwenye kompyuta hiyo hiyo, si ile ya dukani. Iwe inafanya kazi bila bando. Na iwe inamwonyesha mwanafunzi kompyuta inafanya nini ndani wakati mistari yake inasomwa. Hili la tatu nalipa uzito kuliko mawili ya kwanza kwa pamoja.

Notepad ni nyepesi, lakini inapenda kuongeza .txt mwishoni, ukajikuta na faili la hesabu.py.txt wakati Windows inakuficha ile .txt. Word usiiguse kwa kazi hii. Inageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python haizitambui zilizopinda, hivyo mtoto anahangaika na kosa asiloweza kuliona kwa macho. IDLE huja pamoja na Python yenyewe na haina makuu. Nimewahi kufundishia na haikuniangusha, ila haionyeshi kilichomo ndani kwa urahisi. VS Code ya Microsoft ni chombo cha kazi hasa, lakini haiji na Python. Unaweka Python peke yake, unaweka kiongezi (extension) cha Python ndani ya VS Code, na unapoweka Python usisahau kutia alama kwenye kisanduku kidogo cha PATH, yaani orodha ya mahali Windows inapotafuta programu. Ukikisahau, ukija kuandika python kwenye dirisha jeusi la amri, Windows haitaijua.

Ninayoichagua kwa anayeanza ni Thonny. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, na ilitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Ni ya bure, na Python imo ndani yake tayari. Hakuna PATH, hakuna kiongezi.

Hatua ya 3: Ipakue mara moja, igawe kwa flashi

Nenda thonny.org. Faili la Windows ni kama MB 20 hivi, bando dogo tu linatosha. Mwenye Windows 7 atafute pale pale toleo lenye Python 3.8. Ukishalipata, liweke kwenye flashi na uligawe kwa darasa zima. Hakuna sababu ya kila mtoto kuunguza bando lake. Flashi ipitishe kwanza kwenye programu ya kukagua virusi, maana flashi zinazozunguka kwenye steshenari zetu hubeba mengi.

Hatua ya 4: Programu ya kwanza iwe ya kitu anachokijua

Ukifungua Thonny utaona sehemu mbili. Juu ni pa kuandikia, chini panaitwa Shell, ndipo majibu yanapotokea. Mpe mtoto machungwa ya Muheza:

```
bei = 200
idadi = int(input("Machungwa mangapi? "))
jumla = bei * idadi
print("Lipa shilingi", jumla)
```

Hifadhi kwa jina machungwa.py, bonyeza F5, andika 5 pale chini. Itajibu: Lipa shilingi 1000. Mwache aicheze. Abadilishe bei, aandike jina lake, aulize idadi ya maembe. Usimkimbize.

Hatua ya 5: Mfungulie ndani

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Nenda kwenye menyu ya View, bofya Variables. Upande wa kulia utafunguka ubao mdogo unaoorodhesha vigeu vyote (majina yanayobeba thamani, kama bei na idadi) na thamani zake. Sasa badala ya F5, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja. Programu haitakimbia, itasimama mwanzoni ikikusubiri. Kila ukibonyeza F7 inasogea hatua moja ndogo. Mwanafunzi anaona bei inaingia kwenye ubao ikiwa na 200. Anajibu swali la machungwa, idadi inaingia ikiwa na 5. Akifika kwenye mstari wa tatu, mwambie asogee taratibu kabisa: neno bei linageuka kuwa 200 mbele ya macho yake, idadi inageuka kuwa 5, halafu vyote viwili vinayeyuka na kuwa 1000. Ndipo 1000 inakwenda kukaa kwenye jumla.

Usipite hapo kwa haraka. Kabla ya kila F7 muulize: sasa kitatokea nini? Akikosea, rudini mwanzo. Mtoto aliyeona mstari ukihesabiwa kipande kwa kipande hatakuuliza tena alama ya = ina kazi gani.

Kisha mwambie aliondoe neno int pamoja na mabano yake, mstari wa pili ubaki hivi:

```
idadi = input("Machungwa mangapi? ")
```

Aiendeshe tena kwa F5 na aandike 5. Python haitalalamika hata kidogo. Itamwambia alipe 55555555, na kuendelea, tarakimu 5 ikiwa imerudiwa mara 200. Darasa litacheka, na wewe sasa una nafasi ya dhahabu. Rudi kwenye Ctrl na F5, mtazame ubao: safari hii idadi si 5, ni '5', ina alama za kunukuu. Kila kinachoandikwa kwenye kibodi huingia kama maandishi, na maandishi ukiyazidisha kwa 200 yanarudiwa mara 200. Kazi ya int ni kuyafanya namba. Ukilisema hilo ubaoni kwa chaki, mwezi ujao limesahauliwa. Akiliona kwa macho yake, linabaki.

Hatua ya 6: Faili zake zikae pamoja

Tengeneza folda moja yenye jina lake. Majina ya faili yawe mafupi, bila nafasi katikati. Na kamwe asiite faili random.py au turtle.py. Python ina vifaa vyake vyenye majina hayo, na siku atakapovihitaji itachukua faili lake badala ya kifaa chenyewe. Kosa hili ni gumu kuligundua usipolijua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa sekondari, Pangani: Habari za kazi mwalimu mwenzangu. Maabara yetu ina kompyuta sita, darasa lina wanafunzi zaidi ya arobaini. Thonny itanisaidiaje hapo?

Nzuri, poleni na majukumu. Wagawe makundi, lakini kila kundi liwe na kazi za kupokezana: mmoja kwenye kibodi, mmoja anasoma mstari kwa sauti, waliobaki wanachora ubao wa vigeu kwenye daftari na kuandika thamani kabla ya F7 kubonyezwa. Anayebonyeza asiruhusiwe kusogea mpaka wote wameandika. Kila baada ya programu moja, wabadilishane. Daftari ni sehemu ya somo, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Mzazi, Makorora: Mwanangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Anaweza Thonny?

Mwanzie Scratch, iliyotoka taasisi ya MIT ya Marekani mwaka 2007. Haandiki, anaunganisha vipande vya rangi kwa kipanya na paka anatembea. Tafuta hapo juu sehemu ya kubadili lugha (Language), utakuta Kiswahili kwenye orodha, na vipande vitageuka. Ipo ya kuweka kwenye kompyuta ikafanya kazi bila intaneti, ila hiyo inataka Windows 10. Usimharakishie Python. Siku atakapokuuliza mwenyewe jinsi ya kufanya jambo ambalo vipande vinamchosha, muda umefika.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Muheza: Shikamoo mwalimu. Mimi sina kompyuta, nina simu ya Android tu. Nisubiri?

Marahaba mwanangu. Usisubiri. Weka Pydroid 3. Ukishaipakua, Python inafanya kazi ndani ya simu bila bando. Toleo la bure lina matangazo, yavumilie. Taabu yake ni kibodi: Python inajali nafasi za mwanzo wa mstari, na kwenye simu ni rahisi kukosea. Ukipata waya wa OTG, unachomeka kibodi ya kawaida ya USB kwenye simu, kama simu yako inakubali, na kazi inakuwa nyepesi. Andika kwanza kwenye daftari ndipo uhamishie simuni.

Kijana, Chumbageni: Kaka, wenzangu wananicheka kwamba Thonny ni ya watoto, wao wako VS Code. Nihame?

Waulize wakueleze kinachotokea kwenye mstari wa tatu wa machungwa.py, hatua kwa hatua. Wewe utaweza. Utahama utakapokuwa na mradi wa faili nyingi, au unatengeneza tovuti, au unashirikiana na wenzako kwa kutumia Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi yenu. Hapo VS Code ndiyo mahali pake na nitakuwa wa kwanza kukuambia uende. Kwa sasa mapendekezo yake yatakumalizia mistari ambayo bado hujui kuimaliza mwenyewe. Ndiyo maana nasema hivyo hivyo kuhusu akili mnemba: mwombe akueleze kosa ulilokwisha kuhangaika nalo, usimwombe akuandikie zoezi.

Mama, Duga: Binti yangu anapenda, lakini Kiingereza kinampiga chenga. Si ataachwa nyuma?

Mama, hataachwa. Maneno rasmi ya Python ni 35 tu, na muhula wa kwanza atahitaji kama dazani: if, else, for, while, in, na mengine machache. Ayabandike ukutani na maana zake. Majina ya vigeu aandike kwa Kiswahili, kama nilivyofanya mimi: bei, idadi, jumla, nauli, wanafunzi. Python haijali ni lugha gani. Na kwa kweli humsaidia, kwa sababu anatofautisha haraka lipi ni neno la Python na lipi amelibuni yeye.

Mwanafunzi, Tanga mjini: Nikiona maandishi mekundu naogopa, nafunga kila kitu. Yanasema NameError.

Usifunge. Anza kusoma kutoka chini. Mstari wa mwisho unataja kosa, na juu yake kuna namba ya mstari wa programu yako. NameError ina maana umetaja jina ambalo Python hailijui. Mara nyingi ni herufi kubwa: jumla na Jumla kwake ni vitu viwili tofauti. Mara nyingine umesahau alama za kunukuu kwenye maandishi. Thonny husaidia hapo pia: mabano au alama za kunukuu ambazo hukuzifunga huziwekea rangi hata kabla hujabonyeza F5.

Mwanachuo, Raskazone: Sisi chuoni tunafundishwa C, na mdogo wangu shuleni kwao ni Java. Hatuwezi kuchagua Python. Tufanyeje?

Fuateni inayofundishwa, msishindane na mwalimu wenu. Vipimo vya hatua ya 2 ni vile vile. Kwa Java, mdogo wako atumie BlueJ, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia. Faili lake la kuweka lina Java ndani, hivyo hahitaji kutafuta kingine. Wewe wa C pakua Code::Blocks, lakini soma majina ya mafaili kwa makini: chukua lile lenye neno mingw kwenye jina lake. Bila hilo unapata mahali pa kuandikia tu pasipo kitafsiri (compiler, kinachogeuza C iwe lugha ya kompyuta), na programu yako ya kwanza haitaendeshwa.